Mipapai ya Mageni

"Mwangaluka, Masele," Mageni alimwamkia jirani yake.

Masele alisimama mpakani mwa mashamba yao akiitazama mipapai ya Mageni. Yake mwenyewe ilikuwa imekunja majani, matunda yamejaa madoa ya mviringo, kama ya kijiji kizima cha Samuye mwaka huo wa tisini na tisa. Ya Mageni ilikuwa kijani kibichi, imezaa hadi inaelemewa.

"Mayu, mama yangu, watu wanasema unaila ya kwetu kwa uchawi," alisema Masele, akaondoka.

Katika kijiji cha jirani, mjane kama yeye alikatwa mapanga kwa neno hilohilo. Mageni alidandia lori la pamba hadi Shinyanga mjini, dukani kwa Vijaya, aliyempa mbegu za mipapai ile. Mwanawe Vijaya, Hemal, anayesomea mimea ng'ambo na wakati huo yuko likizoni, ndiye aliyelileta papai zilimotoka.

"Si uchawi, mama," Hemal alimwambia. "Wataalamu walichukua chembe ya urithi ya virusi vya ugonjwa huu, wakaitia kwenye mpapai. Ikawa kama chanjo. Mpapai ukizaa, chembe hiyo inaingia kwenye mbegu."

"Mbona mingine yangu ilikufa?"

"Si kila mbegu hurithi. Watoto wa tumbo moja, huyu kachukua macho ya baba, yule hakuchukua."

"Basi njoo ukawaambie. Wataniua."

Hemal alikwenda, akaeleza mbele ya mkutano wa kijiji. Alipomaliza, Masele akainuka.

"Kumbe kweli kuna kitu kimetiwa! Tena ni ugonjwa wenyewe!"

Watu walinguruma. Mageni aliinuka, akapasua papai alilokuja nalo, akala mbele yao, kisha akamkabidhi Masele mbegu.

"Panda. Nyingine zitaugua, nyingine zitapona. Nimesema mapema, msije mkaniambia nimechagua ipi ife."

Masika yote Mageni hakulala usingizi wa kutosha. Kila mbwa alipobweka alishika kifua. Miche ya Masele ilipokua, yeye hakuthubutu kuchungulia.

Asubuhi moja akasikia anaitwa.

"Mayu Mageni! Njoo hapa."

Masele alikuwa amechuchumaa shambani, amempa mgongo. Mbele yake, katika shimo moja, miche miwili ilikuwa imeota pamoja: mmoja umesinyaa, mwingine majani yake yamekunjuka, yanang'aa kwa umande. "Ni kama ulivyosema," alisema bila kugeuka. Mageni alikaza khanga kiunoni, akaanza kukatiza matuta kumwendea.