Mche Usiopewa Mkononi

Mama mkwe wangu, Bimkubwa, ana mkono wa kuotesha. Hatuivi chungu kimoja, lakini hilo silikatai hata nikasirike vipi. Biashara ya kusafirisha nguo za soko la Shahe, hapa Guangzhou, ilipomlemea mume wangu, Hafidh, ni yeye Bimkubwa aliyesema tuachane na mabelo, tuoteshe miche. Tukakodi kipande cha shamba nje ya mji, kaskazini ya uwanja wa ndege, tukakifunika kwa nailoni. Kufika mwezi wa kumi tulikuwa na mistari ya mrehani, mchaichai na pilipili mbuzi, yote ndani ya vifuko vyeusi, yote imesimama vizuri.

Kilichobaki ni pahala pa kuuzia. Soko la wakulima la Jumamosi, kwenye uwanja mmoja mtaa wa Tianhe, humpa muuzaji mpya Jumamosi tatu za majaribio. Akifaulu, anapewa karatasi yenye mhuri na meza yake ya kudumu. Mwenye shamba naye alishatwambia waziwazi kwamba bila karatasi ile, mwezi ujao shamba anampa mtu mwingine. Na bila shamba hatukuwa na la kutuweka Guangzhou. Tungerudi Unguja mikono mitupu.

Jumamosi ya kwanza ilipita salama. Ya pili, Bimkubwa akaharibu.

Kwetu pilipili haipewi mtu mkononi. Unaiweka, naye anaichukua mwenyewe, kwa sababu mkipeana mkono kwa mkono mtagombana. Mimi nimelelewa humo humo, lakini nina miaka tisa katika mji huu, na hapa mteja hupewa kitu kwa mikono miwili, hata kiwe kikaratasi cha namba ya simu. Siku ile mwanamke mmoja wa Kichina alinyoosha mikono apokee mche wa pilipili. Bimkubwa akautua mezani. Yule mwanamke akanyoosha tena mikono, na Bimkubwa akamwonyesha meza kwa kidevu. Mteja aliondoka bila mche, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa soko, Bwana Liang.

"Laoban," Liang akaniambia. Huku kila mwenye biashara ni laoban, bosi, hata akiwa anauza mrehani. "Mama yako anawarushia wateja vitu kama anawapa ombaomba. Jumamosi ijayo nitasimama hapa niangalie kwa macho yangu. Nikiliona tena, mkunje meza yenu."

Wiki nzima nyumbani hapakukalika.

"Mama, ule ni mche," nilimwambia. "Si pilipili yenyewe."

"Una matunda, hauna?"

"Unayo."

"Basi ni pilipili, mwanangu. Miye sitaki kugombana na watu katika nchi yao."

Hafidh, kama kawaida yake, alikumbuka ana simu ya kupiga, akatoka nje.

Mwisho niliamua mwenyewe. Bimkubwa atakaa upande wa mrehani, na pilipili nitaziuza mimi. Alikubali upesi mno, na hapo ningepaswa kushtuka. Tena nikafanya ujanja mwingine, nikaijaza meza miche mpaka kingo, pasibaki pa kuweka hata kisoda. Nilijiona nina akili sana.

Jumamosi ya tatu Liang alifika kabla hatujamaliza kupanga. Alisimama karibu na muuza asali, mikono nyuma, akitutazama. Hafidh alikuwa garini akishusha miche iliyobaki. Nikauza pilipili sita, zote kwa mikono miwili, nikiinama mpaka kiuno kikaniuma. Kila mteja alipoondoka nilimtupia Liang jicho. Uso wake haukusema kitu.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Kikantoni, mfupi, anavuta mkoba wa magurudumu. Nilimkumbuka. Jumamosi zote mbili alikuwa akija kwa Bimkubwa, wanakatiana majani ya mrehani na kunusishana na kucheka, wala hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Alinipita kama hanioni. Akasimama mbele ya Bimkubwa, akaonyesha kidole mche wa pilipili uliozaa kuliko yote.

Bimkubwa akapitisha mkono mbele yangu, akauchukua.

"Mama, niachie mimi," nikasema taratibu.

Akajifanya hakusikia. Yule bibi akanyoosha mikono yote miwili. Liang akasogea hatua mbili. Nikayaona macho ya Bimkubwa yakitafuta nafasi mezani, na nafasi haipo, nimeiziba mimi. Akabaki na mche hewani, hatoi wala haweki. Kisha akaanza kuinama. Alitaka kuutua chini, kwenye sakafu, miguuni mwa mteja!

Nikampokonya.

Udongo ukammwagikia kwenye buibui. "Unataka turudishwe kwetu kwa ajili ya pilipili?" nikamfokea. "Huna haya?" Nilisema Kiswahili, lakini sauti ile kila mtu aliielewa. Kisha nikamgeukia yule bibi kwa tabasamu, nimeushika mche kwa mikono miwili.

Hakuupokea. Alirudisha mikono yake nyuma. Akamwambia Liang maneno mengi kwa Kikantoni, Kichina cha wenyeji nisichokijua, huku macho yake yako kwangu. Muuza asali aliacha kupima asali.

"Anasema hakuja kununua kwako," Liang akanitafsiria. "Anauliza, huyu ni mama yako au kibarua wako?"

"Ni mama wa mume wangu."

Liang alikuwa ameshaitoa karatasi. Aliikunja, akairudisha mfukoni. "Mtu anayeweka vitu mezani anaweza kufundishwa," alisema. "Anayempokonya mama yake mbele za watu, huyo nimweke hapa kila Jumamosi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima nilimlinda Bimkubwa asituaibishe, na aibu nimeileta mimi, kwa mikono yangu miwili.

Bimkubwa hajui Kichina, lakini aliiona karatasi ikirudi mfukoni. Akajikung'uta udongo polepole.

"Weka kitini," akaniambia.

Nikauweka mche kwenye kiti. Akauchukua, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akautia katika viganja vya yule bibi, mkono kwa mkono. Kisha akanishika bega, akamwambia Liang kwa Kiswahili kitupu, "Huyu mwanangu. Mpe karatasi yake."

Liang hakuelewa neno. Yule bibi, nadhani, alielewa yote, kwa maana alimpiga Liang kofi dogo la mkononi na kusema neno moja tu. Karatasi ikatoka. Niliitia saini na udongo ungali kwenye kucha.

Mchana, tulipokuwa tunakunja, Hafidh alikuwa akiimba garini. Nikachuchumaa karibu na Bimkubwa.

"Mama, nisamehe. Umevunja mwiko kwa ajili yangu."

"Yule tutagombana naye, halina shaka," alisema. "Jumamosi atarudi aseme mche umekufa, na tutagombana hasa."

Nikacheka, kwa kuona yamekwisha. Yeye hakucheka.

"Na sisi, Mama? Ule mche ulitoka mkononi mwako ukaja mkononi mwangu."

"Wewe hukupokea kwangu, Mwatima. Umenipokonya." Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kupokonywa hakuna mwiko. Kunauma tu."

Akainama, akaanza kukusanya vifuko vitupu.