Ndege Iliyochorwa Bondeni

Kila Jumatano waongoza ndege wa kituo kile cha Montana hula pamoja. Kila mtu huja na sufuria yake, na anayekuja mikono mitupu husemwa mpaka mwezi uishe. Jumatano hiyo kulikuwa na mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, na kando yake mikate ya mdalasini yenye sukari juu, kama walivyozoea kula tangu shuleni. Marlys Brekke alikuwa amekwisha kula vijiko vitatu pale Lonnie, fundi wa mitambo, alipomuuliza kama wingu la magharibi lilikuwa baya kama watu walivyokuwa wakisema.

"Baya," alisema Marlys. "Hata Pruitt wa Arobaini na Moja kaniomba njia nyingine, nikamkatia moja kwa moja hadi..."

Kijiko kikabaki hewani.

"Hadi wapi?" aliuliza Lonnie.

Marlys alisukuma kiti nyuma akasimama. Alikuwa amekumbuka kwamba hakuiandika ile njia.

Mambo yalikuwa hivi. Robo saa kabla ya hapo, Marlys akiwa kitini mbele ya rada, rubani Garrett Pruitt alimwita redioni. Ndege yake, namba arobaini na moja, ilikuwa na abiria ishirini na saba wanaokwenda Dunmore, na njia yao ya kila siku hupita katikati ya bonde la Tamarack. Pruitt alisema mbele kuna wingu jeusi, akaomba akate kushoto, juu ya milima, moja kwa moja hadi mnara wa redio wa Kessler, na kutoka hapo aende Dunmore. Marlys akamkubalia, akamwambia abaki futi elfu kumi na tatu. Pruitt akayarudia maneno yote, neno kwa neno, bila kosa. Walielewana vizuri kabisa, wale wawili.

Kilichobaki kilikuwa kuiingiza njia hiyo mpya kwenye kompyuta. Kazi ya sekunde kumi. Lakini ukiiingiza tu, kituo jirani hupiga simu kuuliza kwa nini, tangu lini na kwa idhini ya nani, na waongoza ndege wa zamani hapo wana tabia ya kumsaidia rubani kwanza kwa mdomo, kisha kuandika baadaye mambo yakitulia. Marlys alikuwa na miaka ishirini na mitatu kwenye kiti kile. Usiseme alikuwa mvivu. Ilikuwa mazoea, na mazoea ni mabaya kuliko uvivu, kwa sababu mvivu angalau anajijua.

Kabla mambo hayajatulia, akatokea Wade Lindquist kumpokea zamu.

"Inuka bibie," alisema Wade. "Chakula kinapoa, na Lonnie ameshachota mara mbili."

Marlys akamkabidhi zamu kama inavyotakiwa. Akamweleza hali ya hewa. Akamkumbusha kwamba rada ya mlimani ni mbovu tangu Jumatatu, na nyuma ya milima haioni kitu chini ya futi elfu kumi na nne. Akasema Arobaini na Moja anakwenda Dunmore, yuko elfu kumi na tatu. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akaenda kula.

Sasa alikuwa akikimbia ukumbini, mama mzima wa miaka hamsini na miwili, na mlango wa chumba cha rada aliusukuma kwa bega.

"Wade, Arobaini na Moja umempa futi ngapi?"

"Rudi ukale, Marlys."

"Ngapi?"

"Elfu tisa na mia tano. Yuko bondeni, nimemshusha kama siku zote." Wade akagonga skrini kwa kalamu. "Huyo hapo, katikati kabisa. Vipi, maharage yamekupanda kichwani?"

Ilikuwa kweli alama ya ndege ilikuwa pale, imelala juu ya mstari wa bonde, imenyooka vizuri. Rada isipoiona ndege, kompyuta ile huwa haiachi pengo. Inaichora pale ambapo mpango ulioandikwa unasema inapaswa kuwa.

"Huyo siye," alisema Marlys. "Hiyo ni kompyuta inabahatisha. Nilimpeleka Kessler, juu ya milima, na sikuandika."

Wade alimtazama. Utani wote ulimtoka usoni. Kati ya pale Pruitt alipokata kushoto na Kessler umesimama mlima Gannet, na kilele chake ni futi elfu kumi na mia tisa.

"Arobaini na Moja, panda hadi elfu kumi na nne sasa hivi," Wade aliita. "Arobaini na Moja, panda. Unanisikia?"

Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Ndege ikishuka nyuma ya milima ile, redio nayo huzibwa.

"Ulimshusha saa ngapi?" aliuliza Marlys.

"Saa sita na dakika arobaini na moja."

Wote wawili waliangalia saa ya ukutani. Dakika ya arobaini na sita. Marlys alipiga hesabu ya mwendo na umbali, kisha akaipiga tena kwa sababu jibu hakulitaka. Pruitt alipaswa kuwa ameshafika mlimani.

Sheria inasema aliye kitini ndiye anayesema. Wade akajiondoa mwenyewe kitini. Marlys akavaa vifaa vya masikioni, akaiita ndege ya mizigo iliyokuwa juu sana upande ule, futi elfu ishirini na tatu, akamwomba rubani wake amwite Arobaini na Moja kwa niaba yake. Akasikia yule mtu akiita mara tatu kwa sauti ya upole.

"Hanijibu, mama," alisema rubani wa mizigo. "Nijaribu tena?"

"Jaribu. Usiache."

Watu ishirini na saba. Alijaribu kutowapa sura, akashindwa. Nyuma yake Lonnie alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, wala hakuna aliyemwambia atoke. Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye alikuwa ameudharau kwa sekunde kumi tu.

Kisha redio ikakwaruza.

"Kituo, Arobaini na Moja. Tunapanda, tunapita elfu kumi na mbili na mia tano. Tumeacha kushuka, bila kuomba ruhusa. Samahanini."

Wade aliinama akashika magoti. Marlys akabonyeza kitufe cha redio.

"Arobaini na Moja, endelea kupanda hadi elfu kumi na nne. Mko salama?"

"Tuko salama. Tulifika elfu kumi na moja hivi, wingu likafunguka mara moja, tukaona mawe na theluji chini ya bawa. Nikavuta juu." Akapumua. "Ni wewe, Marlys? Ujue msaidizi wangu aliniambia mapema. Alisema kimo hiki na njia hii haviendani. Nikamwambia, tulia dada, kituo kinatuona."

Kwenye skrini ile ndege bado ilikuwa imelala bondeni, imenyooka vizuri. Kila neno la redio hurekodiwa, na Marlys alilijua hilo kuliko wengi.

"Hatukuwa tunawaona, Garrett," alisema. "Nilikukatia njia na sikuiandika popote, nikaenda kula. Aliyekushusha alidhani uko bondeni. Kosa ni langu."

Rubani wa mizigo naye alikuwa anasikia, na ndege zote zilizokuwa hewani upande ule.

"Sawa," alisema Pruitt, na sauti yake haikuwa tena ile ya kirafiki aliyomwitia Marlys. "Basi kituo, kuanzia sasa kila kimo mtakachonipa, nitawauliza mmejuaje."

"Uliza," alisema Marlys.