Batula Aliyezikwa Ng'ambo

Jumanne, tarehe kumi na tatu Agosti, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Batula, mke wa Siyad, alibanwa na kifua nje kidogo ya Kotile. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa, linang'aa, ila halina dizeli. Dereva akafungua mikono tu. Wakubwa waliolizindua kwa ngoma na pilau walikuwa semina Mombasa. Batula akasema, "Nipeni viatu, nitakwenda kwa miguu." Akavaa kimoja. Cha pili hakukifikia. Kabla ya Magharibi alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo Siyad, dalali wa mbuzi soko la Garissa, alikuwa akimwomba bintiye Nasteha jambo moja. Siyad shule aliiacha angali mdogo. Nasteha ana digrii ya ualimu, ingawa serikali haijampa hata ubao wa kufuta. "Niandikie habari ya mama yako, tuwapelekee hao wenye gari." Kila mara Nasteha alijibu kwamba vidole vimechoka.

Na kweli vilichoka. Kutwa alikuwa kwenye laptopu, chumbani kwao Bulla Iftin, akiwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya wasiotaka kuandika zao. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Siku hizi aliweza kutetea haki ya mbwa kulala kitandani, na hajamgusa mbwa maisha yake yote.

Alasiri moja akaja Koome, bwana wa Meru aliyekuwa akimtafutia wateja. Siyad akamkaribisha chai ya maziwa ya ngamia.

"Mzee, binti yako ni moto!" Koome akasema. "Ile insha ya mama imemliza mwalimu wa huko. Ameandika chini, pole sana kwa msiba. Mteja anataka nyingine."

"Mama gani hiyo?"

Koome akamtazama Nasteha. Nasteha akatazama mkeka.

"Soma," baba akamwambia kwa Kisomali.

Akasoma, akitafsiri. Mama aliitwa Linda. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Alizikwa baada ya siku nyingi, ndani ya sanduku lenye maua, na mbwa wake akakataa kuondoka mlangoni.

"Mbwa? Batula na mbwa? Wallahi angekurushia sufuria!"

Nasteha akacheka, kisha kicheko kikakatika. Alikuwa amefika pale Linda anapoomba viatu.

Siyad akaweka kikombe chini. "Na gari?"

"Lilifika, Aabo," akamjibu baba yake.

"Lilifika?"

"Mteja alisema kwao hakuna atakayeamini gari la wagonjwa limekosa mafuta. Nikalifikisha."

Siyad akahesabu kwa vidole. Ngoma, pilau, semina, vyote vimesamehewa, na aliyesamehe ni mtoto wake mwenyewe.

"Mimi nilikuomba mara ngapi?"

"Nilijaribu, Aabo. Nikiandika Batula, mkono unakufa. Nilipoandika Linda, yote yakaja."

"Basi sasa yamekuja. Mrudishie jina lake. Toa mbwa, toa dizeli garini. Kesho tunapeleka, na gazetini yatoke."

Nasteha akamfasiria Koome, na Koome akakohoa. "Mzee, hapo kuna shida. Insha sasa ni ya yule msichana aliyeinunua. Kuna mashine inakagua maandishi. Ikikuta viatu hivyo mahali pengine, itasema Nasteha ameiba. Atafungiwa kazi."

"Ameiba kwa nani?"

"Kwa mwenye insha."

"Koome, mimi dalali kama wewe. Mbuzi ikiuzwa, mimi hapana fuata. Lakini hii hapana mbuzi."

"Najua, mzee."

"Hapana jua. Wewe nakunywa chai tu."

Koome akakirudisha kikombe mkekani polepole. Nasteha akamsogelea baba yake.

"Nitaandika nyingine, Aabo. Leo hii, mbele yako. Gari, dizeli, wakubwa, jina la Hooyo, Batula, yote. Viatu tu ndivyo nitakavyoviacha."

"Bila viatu huyo ni mama wa nani?"

Siyad akamgeukia Koome, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

"Na mimi nikisimama mbele ya hao wakubwa, niseme na mdomo yangu, Batula naliomba viatu, hapo mimi naibia nani?"