Mita Mia Moja na Arobaini

Jumatano saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya ufunguzi, mpima wa idara alisukuma gurudumu lake la kupimia kutoka langoni hadi kwenye benchi, na msanifu wa bustani akabaki langoni na fomu mkononi. Gurudumu lile lilitoa mlio mdogo kila mita, tik, tik, hadi likafika. Mpima akainama kusoma namba, akapaza sauti: mia moja na arobaini. Msanifu akaandika. Benchi lilikuwa moja tu, la mbao, jipya, limewekwa vyuma viwili katikati ili mtu asipate pa kujinyoosha. Juu yake palikuwa na bango la kijani: Bustani Rafiki kwa Wazee.

Baba yake msanifu alikuwa amekuja kuona kazi ya bintiye. Mtaani walimwita Mzee Posta, kwa sababu alisambaza barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja, na hata sasa, akiwa na themanini na mbili, aliweza kukutajia nyumba zote zilizowahi kufuga mbwa wakali. Alisema anakwenda kulijaribu hilo benchi, kisha atatoa hukumu kama binti yake anajua kazi au anakula mshahara wa bure. Akashika fimbo yake akaanza kutembea.

Saa sita mchana alikuwa bado anatembea.

Hakuwa amepotea, maana njia yenyewe ilikuwa moja, imenyooka. Kila alipopiga hatua, matofali mengine yalitokea mbele yake, yamepangwa vizuri kama yale ya nyuma, na benchi likabaki kule kule. Msanifu alipomfuata alimfikia kwa nusu dakika. Kwa macho ya mtu mwingine yeyote, mzee alikuwa mita thelathini na tano kutoka langoni, anatembea kwa bidii, haendi popote.

Mpima alitazama, akajikuna shingo. Alisema kwa mzee ni mbali zaidi, na kwamba hata kwake ni hivyo hivyo: mama mkwe wake hutoka chumbani asubuhi kwenda chooni akafika karibu na adhuhuri, na familia imeshazoea kumwekea chai kwenye korido. Kosa ni la gurudumu la idara, kwa kuwa husukumwa na wenye magoti mazima. Miaka yote tangu aajiriwe haikumjia akilini kumpa mzee alisukume.

Wakampa. Mzee Posta alilisukuma hadi saa tisa, na gurudumu likahesabu kilomita mbili na mita mia sita. Mpima akambeba mgongoni kwa nusu saa, akatoka jasho jembamba, na benchi halikusogea hata kidogo. Umbali ulikuwa wa mzee mwenyewe, na alikwenda nao popote alipobebwa. Walipomgeuza kuelekea langoni, nalo lango likawa mbali vilevile.

"Niacheni nitembee," mzee alisema. "Mnanizungusha kama bahasha isiyo na anwani."

Lakini msanifu alikuwa ameona paja la baba yake likitetemeka ndani ya suruali. Daktari alikwisha kusema, tena si mara moja: huyu mzee atembee, ila akichoka akae, asipokaa moyo utamwangusha. Kukaa chini kwenye matofali mzee alikataa katakata. Alisema akikaa chini hanyanyuki, na hakuja mjini kunyanyuliwa kama gunia.

Pale alipokuwa anatembea, pembeni ya njia, palikuwa na zege la mraba lenye matundu manne ya skrubu. Msanifu aliyajua matundu yale. Katika mchoro wa kwanza palikuwa na mabenchi manne, moja kila mita thelathini na tano. Matatu aliyafuta yeye, kwa mkono wake, adhuhuri moja kabla ya chakula, baada ya mafundi kumwaga zege. Mabenchi yenyewe yalikuwa stoo, bado yamefungwa nailoni.

Alhamisi asubuhi alipanda ghorofa ya tatu kumwona mkuu wa idara. Wafanyakazi walimwita Bwana Baadaye, lakini si mbele yake. Alikuwa na kiti kinachozunguka, na alizunguka nacho taratibu huku akisoma ile namba mpya.

"Gurudumu lilisukumwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Ana cheti cha upimaji?"

"Hana."

"Basi hizi si mita," Bwana Baadaye alisema kwa upole. "Haya ni malalamiko."

Akamweleza tena, kama alivyomweleza siku ile ya kufuta, kwamba benchi huleta watu wanaokaa, na mtu akishakaa kumwondoa ni kazi. Bustani nzuri ni ile inayopigwa picha ikiwa tupu. Hata hivyo yeye si jiwe, ana mama yake pia. Suala lingepelekwa kwenye kamati ya marekebisho, ambayo ndiyo yenye ufunguo wa stoo. Msanifu akauliza kamati inakaa lini. Akajibiwa kwamba inakaa baada ya ufunguzi, na kwamba ina viti vyake.

Mzee alikuwa amekesha akitembea, akijipumzisha kwa kukumbatia nguzo ya taa. Mchana mkewe alikuja na chupa ya uji. Hakuingia langoni. Alikuwa na miaka sabini na sita na hakuzaliwa jana. Alipita barabarani, nje ya uzio, hadi usawa wa mumewe, akampitishia kikombe kati ya nondo. Akamwambia kwamba alimwonya asivae viatu vile. Mzee akajibu kwamba viatu havina kosa. Walizozana hivyo hadi uji ukaisha, na mzee akarudisha kikombe, kikalia kwenye nondo.

Msanifu hakuweza kuvumilia tena. Aliona aibu.

"Baba, hapa palikuwa na benchi," alisema. "Nililifuta mimi."

Mzee alitembea hatua sita au saba. "Kwa nini?"

"Niliambiwa."

"Mimi nilikuwa naambiwa barua za mtaa wa juu zisubiri Jumatatu," mzee alisema. "Nilizipeleka Ijumaa." Mkewe alifunga kizibo cha chupa, akakikaza, akakikaza tena.

Ijumaa msanifu alikuja na kigoda cha jikoni. Mlinzi wa lango, mtu wa heshima mwenye sare iliyopigwa pasi, akamwamkia vizuri kisha akakamata mguu mmoja wa kile kigoda. Akasema kanuni ya sita: hairuhusiwi kuingia na samani. Alikuwa amezihifadhi zote kichwani. Msanifu alimwambia ni kwa ajili ya baba yake, yule pale, anamwona. Mlinzi alisema anamwona, na anamwonea huruma kweli, wamezungumza mengi tangu Jumatano. Lakini yeye mwenyewe alikuja na kiti chake wiki ya kwanza na kikachukuliwa, na sasa husimama saa kumi na mbili kwa siku. Kisha akamwonyesha zile kanuni zilizobandikwa langoni. Chini yake palikuwa na saini ya aliyeziandaa. Msanifu akaitambua saini yake mwenyewe, akarudi na kigoda nyumbani.

Jumamosi viti mia mbili vilipangwa nje ya lango, kwa kuwa samani haziruhusiwi ndani. Vilivalishwa vitambaa vyeupe. Wageni walikaa, na wenye nafasi walinyoosha miguu. Mbele yao ulivutwa utepe, na nyuma ya utepe, mita thelathini na tano, Mzee Posta alikuwa katika siku yake ya nne. Fimbo ilikuwa imeanza kupinda. Mkewe alisimama nje ya uzio tangu alfajiri, mikono yote miwili kwenye nondo.

Bwana Baadaye alihutubia. Alisema penye wazee haliharibiki neno. Alisema mzee asiyetembea huzeeka haraka, na akanyoosha mkono kuelekea ndani ili wageni wajionee, tayari mzee mmoja anafurahia mandhari hata kabla utepe haujakatwa. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Msanifu alikuwa pembeni ya jukwaa na mkasi kwenye sinia. Alimwona baba yake akisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano asimame bila kushika nguzo. Magoti yake yalianza kukunjika, polepole, moja likimsubiri jingine.

Aliweka sinia chini, akapita chini ya utepe, akakimbia. Alipiga magoti juu ya zege, akaweka viganja viwili kwenye matundu ya mbele na magoti kwenye matundu ya nyuma, akanyoosha mgongo.

"Kaa, Baba."

"Siwezi kumkalia mwanangu."

"Baba, kaa."

"Nikukalie mbele za watu? Bora nianguke."

Mama yake akazungumza kutoka nje ya uzio, bila kupaza sauti. "Kaa, mzee. Si ndiye aliyelifuta?"

Mzee Posta akakaa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini huu haukuwa wa mwenzake. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani mwili mkavu kama ule unaweza kuwa. Mtetemeko wa mapaja ya baba yake ulimshukia mbavuni, ukaendelea kwa muda mrefu, na yeye akauhesabu kama gurudumu. Ukingo wa tundu ulimchana kiganja. Juu yake alisikia pumzi ikikwaruza, ikikwaruza, kisha ikianza kutafuta mahali pa kutulia. Alilia kidogo, na kwa kuwa uso ulielekea chini, machozi yaliangukia kwenye zege wala hayakumsumbua mtu. Mlinzi alikuja, akasimama mbele yao, akazipitia kanuni zote kimoyomoyo kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu si samani. Akapiga saluti, akarudi langoni.

Wageni walipiga makofi. Bwana Baadaye, aliyekuwa amenyamaza katikati ya sentensi, alitoa kalamu mfukoni akaandika jambo nyuma ya hotuba yake.

Baada ya dakika ishirini mzee aliinuka. Njia ikawa fupi, kwa kuwa alikuwa amepumzika. Alifika langoni kabla pilau halijapakuliwa. Akamwambia mpima kwamba benchi ni zuri, ila linapumua mno. Mkewe alimpokea mkono, akamfuta vumbi kwenye koti. Mzee alimtazama bintiye mara moja tu, kwenye viganja, akampa leso.

Jumatatu kanuni ya saba iliongezwa langoni: Wazee wanaombwa kuja na mtoto, mjukuu au ndugu wa kukaliwa. Haikuchukua mwezi bustani ikajaa. Jioni baada ya kazi ungewakuta wameinama kwenye zege, kila mita thelathini na tano, makarani, walimu, fundi umeme mmoja na ovaroli yake, na juu yao baba zao na mama zao wakizungumza habari za magonjwa. Wengine walikuja na mito. Vijana walipashana habari chini chini, uso kwa matofali, nani goti limemvimba na nani kamtuma mdogo wake leo. Mpangilio ulikuwa sawasawa na mchoro wa kwanza. Bwana Baadaye aliuelezea kwenye ripoti kama suluhisho lisilohitaji benchi hata moja la ziada, na idara ikapewa cheti, kikatundikwa ghorofa ya tatu. Mabenchi matatu yalibaki stoo, kwenye nailoni yao. Kamati haijakaa.

Mzee Posta hakurudi bustanini. Alisema ameshaliona. Alikaa barazani kwake, na binti yake alipokuja kumjulia hali alimsogezea kiti yeye mwenyewe, kabla hata ya kuitikia salamu, na akasubiri hadi akae.

Mwisho wa mwezi ripoti ilihitaji kipimo cha kuhakiki. Mpima alikuwa likizo. Mama mkwe wake alikuwa ametoka kwenda chooni Jumanne na walikuwa wanamsubiri. Msanifu akachukua gurudumu, akaenda peke yake saa nne asubuhi, wakati bustani ni tupu. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Goti la kushoto lilikuwa bado halijapona tangu siku ya ufunguzi, na mtoto hakujaliwa, wala ndugu. Akaanza langoni, tik, tik, akapita zege la kwanza, la pili, la tatu, akafika kwenye benchi, akainama kusoma.

Mia moja na hamsini na mbili.

Alirudisha namba kwenye sifuri, akapima kutoka kwenye benchi hadi langoni. Mia moja na hamsini na tano. Akaegemea nguzo ya lango kidogo, na mlinzi, aliyekuwa amesimama kama siku zote, akatazama pembeni kwa adabu. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja cha umbali. Kalamu yake iliacha wino kwa usafi ule ule wa siku zote. Aliandika mia moja na arobaini, akasaini, kisha akakumbuka kwamba mkoba wake ameuacha kule kwenye benchi. Akageuka, akaanza safari.