Upepo wa Baba Pacha

Saa tatu asubuhi fundi wa upepo alimwambia dereva awashe injini, asubiri mshale wa geji ya upepo wa breki ufike nane, kisha azime. Mshale ukafika nane. Dereva akazima, na karakana nzima ikanyamaza, kwa sababu kutafuta upepo unaovuja huanzia masikioni. Dakika tano zilipita bila mshale kucheza.

"Sasa kanyaga breki, usiachie," fundi alisema.

Dereva akakanyaga. Huko nyuma, chini ya trela, kukasikika mlio mwembamba usiokatika, na mshale ukaanza kushuka.

Dereva huyu aliitwa Taratibu, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya udereva hakuwahi kulipita gari lolote isipokuwa lililoegeshwa. Lori lake lilikwisha kupakiwa tani thelathini za saruji, na lilitakiwa liondoke mchana huohuo na kushuka ule mteremko mkubwa ambao madereva wote wa kampuni waliuita kwa jina moja tu, Kule.

Fundi aliingia chini ya trela na kopo la maji ya sabuni na brashi kuukuu ya rangi. Alipaka sabuni kwenye kila kiungo, akakitazama, akahamia kingine. Hakuna kilichotoa povu mpaka alipofika kwenye valvu inayogawa upepo kwa breki za ekseli mbili za nyuma. Hapo povu likavimba, likafikia ukubwa wa chungwa, likapasuka, likasema, "Shemeji."

Fundi akachovya brashi, akapaka tena. Ndivyo kazi inavyotaka, maana povu la kwanza huweza kukudanganya.

"Shemeji, ni mimi," povu la pili likasema.

Sauti ilikuwa ya Baba Pacha, mume wa dada yake, aliyefia Kule miezi mitano iliyopita akivuta trela hilihili. Kichwa cha lori kilibadilishwa. Trela lilinyooshwa tu, likapakwa rangi, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza baada ya ajali. Taarifa ya wapimaji wa ajali ilisema breki zilikuwa nzima na kwamba dereva alisinzia. Watu wanne waliokuwa kwenye gari dogo mbele yake walikufa pamoja naye. Tangu hapo mama wa mmoja wao alikuwa akija kila Jumapili kusimama mlangoni kwa mjane, asubuhi mpaka adhuhuri, bila kusema neno, kisha anakwenda zake.

Fundi alijua kuwa breki hazikuwa nzima. Wiki ile ya ajali valvu hii ilianza kuvuja, stoo hakukuwa na nyingine, na bosi akasema ibanwe kwa safari moja tu. Basi fundi akafanya kile ambacho karakana nyingi hufanya na hakuna inayokiri: aliukata mpira wa upepo kabla haujafika kwenye valvu, akatia bolti katika mdomo wake, akaikaza kwa waya. Uvujaji ukaisha papo hapo, na ekseli mbili zikabaki bila breki. Baada ya ajali alifika Kule kabla ya wapimaji, akaitoa bolti, akaunga mpira kama kawaida. Dada yake hakuambiwa lolote kati ya haya. Na kila Ijumaa fundi alikwenda kula kwake.

"Anasemaje?" Taratibu aliuliza kutoka juu, mguu ungali kwenye pedeli.

"Anasalimia."

"Mrudishie."

Mtunza stoo, ambaye hakuwahi kuhifadhi siri kama alivyohifadhi spea, ndiye aliyempigia simu mjane. Mama Pacha alifika kabla ya saa nne. Alitandika boksi chini, akaingia chini ya trela, akalala chali kando ya kaka yake, macho kwenye valvu. Ilibainika kwamba upepo wa tangi lililojaa ulimtosha marehemu kwa maneno kama arobaini. Yakiisha, injini ilibidi iwashwe upya na wote wasubiri. Pia hakuweza kusema chochote mpaka breki ikanyagwe. Taratibu akawa anakanyaga bila kunung'unika.

Tangi la kwanza Mama Pacha alilitumia kuuliza ufunguo wa sanduku la bati uko wapi.

"Juu ya kabati, ndani ya kikombe kilichokatika mkono," Baba Pacha alisema. Kisha akauliza habari za mapacha. Aliambiwa kwamba Doto ameng'oka meno mawili na Kulwa ameng'oa lake moja kwa nguvu ili asiachwe nyuma. Povu likacheka mpaka upepo ukaisha.

"Ulipokuwepo nilikuchoka," Mama Pacha alimwambia wakati injini ikijaza upepo, "sasa nakutafuta mpaka ndani ya viatu vyako."

Fundi alipaka sabuni. Akaomba kimoyomoyo maswali yaishie kwenye funguo na meno.

"Mume wangu, ulisinzia?" Mama Pacha aliuliza tangi la pili lilipojaa.

"Sikusinzia. Nilikanyaga breki mpaka mgongo ukazama kwenye kiti, na hakukuwa na kitu. Shemeji aliuziba mpira kwa bolti. Bosi alimwagiza. Halafu akaja kuitoa kabla wapimaji hawajafika. Nilimwona, nilikuwa bado nimebanwa ndani."

Povu lililofuata halikuvimba. Mshale ulikuwa umelala.

"Kaka, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na Ijumaa unakuja unakula."

"Nakuja."

Mama Pacha alitoka chini ya trela, akajikung'uta mchanga mgongoni. Fundi aliona haya kiasi cha kutamani dada yake angempiga.

Bosi alikuja baada ya kuambiwa kwamba lori limechelewa. Alikuwa mtu mpole, na siku ya mazishi alilibeba jeneza kwa bega lake mwenyewe. Aliomba tangi lijazwe, akachuchumaa, mikono magotini, akasikiliza yote tangu mwanzo. Alipoinuka alikuwa na huzuni ya kweli.

"Amesema kweli," alisema. "Marehemu hakuwa mtu wa uongo. Poleni sana."

"Basi iandikwe hivyo," Mama Pacha alisema. "Yule mama anayesimama mlangoni kwangu asomewe."

"Mama Pacha, taarifa ilishagongwa muhuri. Na marehemu hawezi kutia saini." Akamgeukia mtunza stoo. "Valvu zipo?"

"Wiki ijayo, bosi."

"Basi ziba. Safari moja tu."

Fundi aliitazama miguu yake. "Bosi, hii siiwezi."

"Huiwezi au huitaki? Maana wapimaji wakirudi hapa, watauliza ni nani aliyeitoa ile bolti. Mimi sikuigusa."

Mama Pacha akaenda kwenye mlango wa lori. "Mzee Taratibu, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, mama." Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kitu. "Lakini siku ile ilikuwa mvua. Leo kukavu. Na mimi naenda polepole."

Fundi alirudi chini ya trela. Aliukata mpira, akachagua bolti, akaisukuma ndani. Akaomba breki ikanyagwe ili aone kama upepo unapita pembeni, na ulipita kidogo.

"Shemeji, tafadhali," Baba Pacha alisema.

Fundi akaukaza waya mzunguko mmoja zaidi, na sauti ikaisha.

Kipimo kikarudiwa. Mshale ulifika nane, breki ikakanyagwa dakika tano, na mshale haukusogea hata unywele. Kwa mwaka mzima hakuna lori lililopita kipimo vizuri namna hiyo. Fundi akaandika kwenye fomu kwamba hakuna uvujaji, akatia saini, na Taratibu akatoka getini akiwapungia mkono.

"Mpaka Kule ni mwendo wa muda gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Saa mbili. Kwa huyu, mbili na nusu."

Mama Pacha alikaa kwenye benchi la karakana, akasogea kidogo ili kaka yake naye apate nafasi. Fundi akakaa. Simu wakaiweka katikati yao.