Koki za Mashemeji

Boti ile ilikuwa na injini mbili, matangi mawili ya dizeli na wanaume wawili wasiosemezana. Injini hazikuwa na ugomvi wowote.

Wa kwanza alikuwa nahodha, aliyemwoa binti wa mwenye boti. Wa pili alikuwa fundi wa injini, mtoto wa kiume wa huyo huyo mwenye boti, kwa hiyo shemeji mtu. Walikosana siku nahodha alipowaambia abiria kwamba injini zinakohoa kwa sababu fundi anazitunza kwa maneno matupu. Fundi akatoa kichwa kutoka chumba cha injini, akajibu kwamba hata yeye angekohoa kama angeendeshwa na mtu anayeshika usukani kama anakamua nguo. Abiria wakacheka mpaka ng'ambo. Tusi mtu husamehe, lakini kicheko cha abiria kilimkaa nahodha kooni, na fundi vilevile.

Tangu hapo wakagawana koki kama watu wanaogawana vyombo baada ya talaka. Injini ya dizeli, kwa asiyeijua, huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, kisha yanayobaki huyarudisha tangini. Basi ziko koki za kuvutia, za kuchagua injini inywe tangi lipi, na ziko koki za kurudishia, za kuchagua mabaki yaende tangi lipi. Za kuvutia zilikuwa chumba cha injini, fundi akazitwaa. Za kurudishia zilikuwa chini ya kiti cha nahodha, naye akazikalia. Likitokea jambo la lazima, nahodha alimpigia simu mkewe nyumbani, mke akampigia kaka yake, na kaka, aliyekuwa hapo hapo chini ya miguu ya nahodha, akarudisha jibu kwa njia ile ile. Mke aliapa kwamba iko siku ataizima hiyo simu, wazame salama.

Habari zikamfikia mama mwenye boti. Hakugomba.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Zizi ni langu. Naliuza."

Akapatana na mnunuzi wakutane ng'ambo, na kwa kuwa kinachouzwa ni boti, akaona apande hiyo hiyo. Nahodha kazi nyingine hakuijua, na boti ile aliipenda kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mtu.

Siku ya safari mama akapanda. Alikuwa mnene, mwenye heshima zake, akaketi benchi la kushoto na mkoba mapajani. Pale pale nahodha akaona boti imeinama kushoto.

Sasa nahodha afanye nini? Mkwe hamwambii mama mkwe wake kwamba boti inainama alipoketi, hata kama maji yameshafika magotini.

"Mama, huko jua kali. Njoo upande huu."

"Mbona jua liko kote, baba?"

"Huko linazidi, Mama."

Mama akamtazama, akabeba mkoba wake, akahamia kulia. Boti ikabaki imeinamia kushoto vilevile. Hapo ndipo nahodha alipoelewa kwamba kosa si la mama, tangi la kushoto ndilo lililojazwa kupita kiasi. Akatoa simu ampigie mkewe. Walikuwa wameshafika katikati ya maji na mtandao haukuwepo. Kumwita shemeji kwa mdomo wake mwenyewe hakukumpitia akilini. Akainama, akageuza koki zake ili mabaki ya injini zote mbili yarudi tangi la kulia.

Asilolijua ni kwamba chini, fundi naye alikuwa ameona boti imelala, amejaribu simu, ameshindwa, na amegeuza koki zake ili injini zote mbili zivute tangi la kushoto. Kila mmoja alifanya jambo la akili. Wakiwa wawili, walikuwa wanahamisha dizeli yote kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Boti ikanyooka. Nahodha akajipongeza kimoyomoyo, na bila shaka chini nako mtu alijipongeza. Halafu ikapitiliza, ikaanza kulalia kulia, alikoketi mama.

"Na huku jua limeshafika?" mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Maana nikihama tena nitakuwa nimefika ng'ambo kwa miguu." Akashusha pumzi. "Sema tu, baba. Unene wangu si siri. Ulinikuta nao."

Nahodha alitamani sakafu immeze, lakini chini ya sakafu alikuwepo shemeji yake. Mara bomba la kupumulia la tangi la kulia likaanza kutema dizeli karibu na kiatu cha mama. Injini moja ikakohoa, ya pili ikaitikia, zote zikanyamaza.

"Mafuta yamekwisha?"

"Hapana, Mama. Yamejaa."

Fundi akatoa kichwa, simu mkononi. Nahodha naye alikuwa na yake mkononi. Boti ikaelea. Mama akawatazama wote wawili na simu zao. Ng'ambo, mtu aliyeonekana mdogo kwa umbali alikuwa amesimama gatini akiwasubiri.

Nahodha akatia simu mfukoni. "Shemeji. Koki zako ziko wapi?"

"Kushoto. Zote."

"Zangu kulia. Zote."

Fundi akafumba macho. "Tangi la kushoto kavu. Hewa imeshaingia kwenye mabomba. Kuitoa ni kazi ya watu wawili."

Nahodha akageuza koki zake kushoto, fundi zake kulia, kisha nahodha akashuka chumba cha injini, mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Juu, mama akasikia kila kitu.

"Piga pampu."

"Napiga."

"Bado povu. Piga, shemeji, usiibembeleze."

"Hii pampu ni ngumu hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Dada?"

Nahodha akaona haya, haya ya kweli, na mikono ikiwa kwenye pampu hakuwa na pa kuficha uso. "Sikupaswa kusema vile mbele ya watu," akasema.

"Kaza skrubu kwanza, dizeli inaniingia kwenye mkono wa shati." Skrubu ilipokazwa, fundi akaongeza, "Hata mimi nilivuka mpaka."

Injini zikawaka, ya kushoto kisha ya kulia. Walipofika karibu na gati, mnunuzi alikuwa anawapungia mkono.

"Baba," mama akamwambia nahodha, "kamwambie yule bwana boti inainama."

"Tumesharekebisha, Mama. Sasa hivi itanyooka yenyewe."

"Mwambie inainama. Mwambie nikikaa tu, inainama."

Akabeba mkoba wake, akasogea mpaka mwisho kabisa wa benchi, upande wa gati, akaketi kwa uzito wake wote. Boti ikainama, lakini si sana. Nahodha akamtazama shemeji yake. Hawakusemezana, safari hii kwa sababu hapakuwa na haja. Wakaenda wote wawili, wakasimama nyuma ya mama, upande ule ule, na kule gatini mkono wa mnunuzi ukashuka polepole.