Mshindi Hakataliwi

Nina miaka kumi na miwili ya ndoa, na katika miaka yote hiyo sijamkaangia mama yangu hata kipande kimoja cha samaki siku ya Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno hapa Korea. Wa kwao mume wangu nimewakaangia ndoo nzima. Tunafika kwa wakwe zangu Gwangju siku moja kabla, nakaanga mpaka nywele zinanuka mafuta. Asubuhi tunawaandalia mababu chakula chao, kisha tunakula sisi, kisha naosha vyombo. Havijakauka, anaingia wifi yangu Mi-ran kuwasalimu wazazi wake, naye lazima aandaliwe. Yaani wifi anakuja kwao, mimi siendi kwetu. Mama yangu yuko Mokpo, peke yake tangu baba afariki, mwendo wa saa moja tu.

Mwaka huu niliapa. Ukoo huu una desturi moja ninayoipenda: baada ya kula tunacheza gemu ya magari kwenye televisheni, na mshindi anaomba jambo moja lisilokataliwa. Mwaka juzi baba mkwe alishinda, tukamkanda miguu kwa zamu. Mwaka jana shemeji yangu Dal-su aliomba asiulizwe ataoa lini, na mpaka leo hakuna aliyethubutu. Mimi ombi langu lilikuwa niondoke kabla Mi-ran hajafika. Nilifanya mazoezi miezi miwili, mwalimu wangu akiwa binti yangu Sol, ana miaka tisa na hana huruma.

"Rimoti ziko nne," Sol alitangaza. "Babu, baba mdogo, mama... Baba keshalala!"

Mume wangu alikuwa anakoroma, kazidiwa na pombe ya mchele.

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya peasi, akajifuta mikono kwenye aproni. "Nipe mimi."

Hajawahi kuishika rimoti ya gemu maishani mwake.

"Wewe?" baba mkwe akacheka. "Jiko jipya tu limekushinda!"

"Kwenye jiko hilo napika mimi au wewe? Sol, batani ya kuendea ni ipi?"

"Hii, bibi. Na hii ya breki."

"Breki ya nini? Niache."

Tukaanza. Mama mkwe aligonga ukuta, akatumbukia ziwani, akatolewa, akaondoka kwa kasi kurudi tulikotoka. Sisi watatu tulikuwa mbele tunaumizana.

"Baba, unanirushia bomu mimi, mwanao wa kunizaa?" Dal-su alilia.

"Uoe kwanza, ndiyo uniite baba!"

"Hilo haliulizwi!"

"Sijauliza, nimeshauri!"

Walipokuwa wakibishana niliwapita wote wawili. Nikauona mstari wa mwisho. Nikawa nishaanza kumwona mama yangu akifungua mlango.

Sasa gemu ile humwonea huruma wa mwisho: humpa zawadi kubwa kuliko wote. Mama mkwe alipewa roketi, ile inayolibeba gari lenyewe mpaka mbele. Hakujua ni nini, akabonyeza tu kila kilichobonyezeka. Kitu kikanipita nikiwa nimebakiza hatua mbili.

"Bibi ameshinda!" Sol akaruka juu.

"Hongera, mama," nikasema. Nilitazama ule mlima wa vyombo jikoni nikatamani kulia kama mtoto.

"Haya, omba," baba mkwe akasema. "Friji? Koti?"

Mama mkwe akaweka rimoti chini. "Nataka kwenda kwetu."

"Kwenu wapi?" baba mkwe akauliza, na aliuliza kwa dhati kabisa.

"Hampyeong. Dada yangu bado yupo. Siku za kawaida nimekwenda. Chuseok sijala naye miaka arobaini na mmoja."

Hakuna aliyecheka.

"Lakini Mi-ran yuko njiani," baba mkwe akasema polepole. "Nani atamwandalia?"

"Wewe si baba yake? Peasi nimeshamenya." Akanigeukia. "Mama Sol, wewe hukunywa. Hampyeong iko njia ya Mokpo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unishushe, uendelee kwa mamako. Sol, vaa viatu upesi, kabla hawajapata cha kusema."

Tulitoka mbio kama wezi. Tulipokuwa tukiteremka ngazi nilimsikia baba mkwe akimuuliza Dal-su sabuni ya vyombo inakaa wapi.

Ndani ya gari nilitaka kushukuru, nikashindwa, kwa sababu niliona aibu. Miaka kumi na miwili nimemnung'unikia mwanamke huyu kimoyomoyo, na sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi. Nikamwomba jina la kijiji, nikaliandika kwenye simu. Ramani ikasema dakika arobaini, pamoja na foleni ya sikukuu. Nikadhani nimekosea, nikamwonyesha.

Aliitazama simu, aproni bado imemkaa kiunoni.

"Ni hapohapo," akasema. "Ni karibu."